Kimbunga cha Daraja la Pili

Blumenhof, Kansas
Juni 3, 2014

Kwako Shangazi Adina,

Salamu za hapa nyumbani. Mama ni mzima, ila mgongo unamsumbua tangu alipolala siku tatu kwenye mabenchi ya kanisa. Leanna mzima. Baba yupo, anafanya kazi. Ngano ya mashariki imesimama na tutaanza kuivuna baada ya wiki mbili, Mungu akipenda. Ile ya magharibi imelala chini kama nywele zilizochanwa, hatutapata kitu. Mimi nimemaliza shule Ijumaa ya Mei 16. Kimbunga kilikuja Jumatatu yake.

Najua hukutarajia barua yangu. Nilipotimiza miaka saba ulinitumia kitabu cha mawe, na Baba akasema nisijibu kwa kuwa ulikuwa umekwisha kutengwa na kanisa. Sikujibu. Sasa nakuandikia bila Baba kujua, na sikuandikii kwa upendo. Shuleni sikuwahi kunyoosha kidole, hata walimu walikuwa wakinisahau. Lakini kwenye karatasi sauti haitetemeki, kwa hiyo nitasema.

Ulikuja hapa siku iliyofuata kimbunga, saa nane mchana, na gari la ofisi yenu ya kupima vimbunga na yule mwanamume mwenye tepu ya kupimia. Hukuingia ndani kutupa pole. Mama alikuwekea sahani ya chakula juu ya boneti ya gari, maana sheria ya kanisa hairuhusu ukae mezani kwetu, nawe hukuigusa. Ulipiga magoti kwenye zege la nyumba ya Bibi, ukapiga picha, ukaandika, mkaondoka. Bibi Hulda alikuwa bado hajazikwa. Alikuwa mama yako.

Alhamisi gazeti likatoka. Likasema kimbunga kilichomuua Bibi kilikuwa cha daraja la pili, katika madaraja yanayoanzia sifuri mpaka tano. Upepo maili 121 kwa saa. Halafu mstari mmoja chini: "Nyumba haikuwa imefungwa vizuri kwenye msingi."

Shangazi, ile nyumba ndogo aliijenga Baba kwa mikono yake ili mama yake azeeke karibu naye. Hakuna asiyejua hapa Blumenhof. Sasa watu wanaulizana chini chini. Dada Leanna anaolewa Oktoba 11 na Galen Nightengale, na Baba ndiye anayewajengea nyumba. Siku ya kunyanyua kuta imepangwa Septemba 13. Baada ya gazeti lile, akina Nightengale wanataka fundi mwingine. Hawajasema waziwazi. Wanauliza tu kama Baba "hajachoka".

Mimi nilikuwa handakini, chini ya nyumba yetu kubwa. Nilisikia mlio wake. Kitu kile hakikuwa cha daraja la pili. Gari la chuo kikuu lenye rada lilikuwa barabarani na lilipima maili 183, nalo gazeti liliandika hivyo hivyo. Maili 183 ni daraja la nne. Nambari hiyo mnayo na mmeipuuza.

Nakutaka ubadilishe daraja liwe la nne. Si kwa ajili yangu.

Verena Ratzlaff


Salina, Kansas
Juni 30, 2014

Kwako Verena,

Barua yako ilifika. Nilikuwa Nebraska wiki mbili, huko nako kumepigwa. Natumaini mmemaliza mavuno kabla ya mvua ya juzi. Mwambie mama yako alale kwenye godoro gumu. Au usimwambie, maana atakuuliza nani kasema.

Nambari haitabadilika.

Sikia sababu, kwa kuwa umemaliza shule na unaweza kufuata. Hakuna mtu anayesimama mlangoni na chombo cha kupimia upepo. Kimbunga kikipita tunakwenda kutazama kilichovunjika, kisha tunauliza: kitu hiki, kilivyojengwa, huvunjwa na upepo wa kasi gani? Nyumba iliyofungwa barabara ikifagiliwa mpaka zege likabaki tupu, tunaanzia karibu maili mia mbili. Nyumba iliyokalia tu msingi wake inatosha kusukumwa na maili mia moja na ishirini hivi. Inateleza, inavunjikia mbele ya safari. Zote mbili huacha zege tupu. Ukisimama mbali utaapa kwamba ni upepo mmoja.

Gari la chuo lilipima maili mbili magharibi yenu, juu ya ngano, kwenye kimo cha ghala la nafaka la mjini. Hapo hapakuwa na nyumba. Tulichokipima sisi ni kilichofika kwenye uwanja wenu.

Na uwanja wenu ulisema. Banda la kuku liko hatua arobaini kutoka kwenye zege la mama yangu. Nililikuta limesimama, mlango wake juu ya bawaba, na kuku wakinitazama. Miti ya uzio upande wa kusini ilivunjika matawi lakini gome halikuchunika. Sanduku la barua lilikuwa limeinama tu. Upepo wa daraja la nne hauachi sanduku la barua.

Ningeweza kusoma zaidi kama kungekuwa na cha kusoma. Nilipofika mlikuwa mmekwisha kufagia. Watu sitini na trekta nne, tangu alfajiri, na kila ubao wa nyumba ile ulikuwa motoni nyuma ya ghala. Kwa kawaida natazama ubao ulidondokea wapi, na misumari imetoka vipi. Blumenhof mlinipa majivu.

Kwenye maziko nilikuwepo. Nilisimama nje ya uzio, upande wa barabara. Baba yako aliniona.

Adina


Blumenhof
Julai 14, 2014

Kwako Shangazi,

Mama anaendelea vizuri. Mavuno yamekwisha, ni nusu ya mwaka jana. Leanna ameshona vitambaa vyote vya meza. Joto ni kali na visima vya ng'ombe vimeshuka.

Umeandika kuhusu majivu kama vile tulifanya uhalifu. Kama ungekuwa bado wetu ungejua kazi ile ilikuwa nini. Kulipopambazuka nilisikia trekta, nikatoka, nikakuta watu wameshafika bila kuitwa. Wengine wenyewe walikuwa wamepoteza mapaa. Mama Goertz alikuja na birika mbili za kahawa na ndoo ya mikate, wavulana wakaokota misumari kwenye majani ili ng'ombe wasije wakaila. Waliona si haki Baba aamke na kutazama mahali mama yake alipofia. Mpaka saa sita mchana palikuwa safi. Hivyo ndivyo tunavyopendana hapa. Wewe ulikuja na tepu.

Nina jambo jingine. Nimefikiri sana kabla ya kuliandika. Ofisi iliyokutuma inajua kwamba nyumba uliyoipima ilikuwa ya mama yako, na aliyeijenga ni kaka yako ambaye hamjasemezana miaka kumi na miwili? Nadhani haijui. Nadhani ulikuja kulipiza. Nikimwandikia mkubwa wako barua kama hii, nadhani nambari itaangaliwa upya na mtu asiye na chuki. Nimeshapata anwani.

Jumapili tulikula kwa akina Nightengale. Mzee Orlo, babake Galen, alingoja mpaka wanawake tulipoanza kutoa sahani, kisha akasema, si kwa sauti ya juu, ila jikoni tulisikia wote.

"Elden, nakuuliza kama ndugu. Hii ya watoto utaifunga kwa nini? Kamba?"

Wengine wakacheka kidogo. Baba akasema nyumba zake kumi na moja ziko Blumenhof na watu wanalala ndani.

"Kumi," Mzee Orlo akasema. "Zilikuwa kumi na moja."

Baba akainuka, akatafuta kofia yake, ikawa haionekani, tukalazimika wote kuitafuta huku pai ikiwa mezani. Ilikuwa juu ya friji. Tukarudi nyumbani. Galen alishika mkono wa Leanna mpaka garini lakini hakusema neno kumtetea Baba, na mimi pia sikusema.

Hayo yote yanatokana na mstari mmoja. Kwa hiyo nijibu swali hili moja bila kuzungukazunguka: "haikuwa imefungwa vizuri" maana yake nini? Uliona nini kwenye lile zege?

Verena


Salina
Agosti 2, 2014

Verena,

Nimepokea yako. Sina habari za familia za kukupa, naishi na paka.

Kwanza, mwandikie mkubwa wangu ukitaka. Nilimwambia kabla sijashuka garini. Aliniamuru nikae ndani ya gari. Sikukaa. Kwa sababu ya undugu huo nambari aliiandika mwenzangu, na mhandisi mwingine asiyetujua aliikagua kwa picha. Mimi nilishika ncha ya tepu. Nilipewa onyo la maandishi, liko kwenye faili langu. Kama ulitaka kuniumiza umechelewa.

Nilishuka kwa sababu nilijua watafika pale, watatazama dakika kumi, wataandika, wataondoka. Nilitaka mtu mmoja kati yetu ajue mama yangu alikaa siku zote juu ya kitu gani.

Pili, umeuliza. Nilikuwa nimeamua kutokusema, kwa kuwa si kazi yangu kumwambia mtoto. Lakini una miaka kumi na minane na unatishia watu kwa barua, basi si mtoto.

Nyumba ya mbao hufungwa hivi. Zege likiwa bado bichi huchomekwa bolti, zinabaki zimesimama wima pembeni mwa msingi. Ubao wa chini wa ukuta hutobolewa matundu, ukuta ukinyanyuliwa bolti hupenya, kisha kila moja hukazwa nati. Ni kazi ya spana na nusu saa. Hapo upepo ukitaka nyumba lazima kwanza uvunje chuma au upasue ubao.

Msingi wa mama yangu una bolti nane. Zote nane zipo. Hakuna hata moja iliyowahi kuvaa nati. Zimelazwa, zimepondwa chini ya mahali ubao ulipokaa, na ubao ukapigiliwa misumari juu yake. Misumari ilitoka kama meno ya mtoto.

Picha iko ndani ya bahasha hii. Itazame vizuri kabla hujaniambia ni upepo. Moja imelalia kaskazini. Ya pili yake imelalia kusini. Mbili zimeangaliana. Na kwenye nyuzi zao kuna alama bapa, za nyundo.

Hakuna kimbunga kinachokunja chuma pande nane.

Najua jinsi linavyotokea. Nimewaona watu wetu wakinyanyua nyumba tangu nikiwa mdogo. Mmoja anachomeka bolti Jumatano, mwingine anatoboa ubao Ijumaa kwa vipimo vyake. Jumamosi wanaume arobaini wameshika ukuta mabegani na matundu hayaingii, wanawake wametandika meza, na kila mtu anataka kenchi za paa ziwe juu kabla jua halijazama, kwa sababu hatujawahi kushindwa. Kisha mtu mmoja anachukua nyundo kubwa.

Sitakuambia ni nani. Sikuwepo. Nilikuwa nimeshatengwa.

Sasa niambie ni nani atakayechomeka bolti za nyumba ya Leanna, na ni nani atakayetoboa mbao.

Adina


Blumenhof
Agosti 23, 2014

Kwako Shangazi,

Mama mzima. Baba mzima. Leanna mzima.

Picha nimeichoma.

Ulikuwa na chuki nasi na sasa umeitafutia ushahidi. Chuma kinaweza kukunjwa na mambo mengi. Trekta zilipita pale asubuhi ile, nne kama ulivyohesabu mwenyewe, na ndoo zao za chuma zilikwangua zege. Je, hilo umeliandika? Au lingekuharibia hadithi?

Siku nyumba ya Bibi iliponyanyuliwa nilikuwa na miaka tisa. Nilikuwa nimepewa ndoo ya chai baridi na kikombe kimoja, nizunguke niwape wanaume. Kulikuwa na jua kali. Walikuwa wakicheka. Sikumbuki kitu kingine.

Baba anaondoka alfajiri na kurudi gizani. Zege la nyumba ya Leanna limemwagwa wiki hii, na akina Nightengale wamekubali yeye awe fundi, baada ya Mzee wa kanisa kwenda kuzungumza nao. Hilo limemgharimu. Ukimwandikia yeye mambo haya utamuua, na utakuwa umewamaliza wote wawili.

Usiniandikie tena.

Verena


Salina
Septemba 6, 2014

Verena,

Ndoo ya trekta huacha mkwaruzo mrefu unaofuata njia ya trekta. Nimeona mikwaruzo hiyo pia, niliipima, imeandikwa. Chini ya ubao wa ukuta zege halikuwa limekwanguliwa. Lilikuwa na rangi mpya, na bolti zilikuwa zimeacha alama zake kwenye zege, kila moja na kitanda chake. Zililala pale miaka tisa.

Hukujibu swali langu. Nimebakiwa na wiki moja, kwa hiyo sitapoteza wino kubembeleza.

Ukinitaka nibadilishe nambari iwe nne ili baba yako awe mtu aliyeshindwa na Mungu tu, nambari ile itasomwa na kila fundi wa nchi hii. Watajifunza kwamba hakuna la kufanya. Nyumba nzuri haishindi daraja la nne. Lakini upepo uliofika uwanjani kwenu siku ile ungeacha kuta za katikati zimesimama, kama kungekuwa na nati nane. Mama yangu alikuwa amelala ndani ya bafu na mto kichwani, kama tulivyofundishwa wote. Kuta za bafu ni za katikati.

Fanya hivi. Kabla ya Jumamosi, chukua tepu, pima kutoka kona moja mpaka kila bolti, kisha pima matundu ya ubao kutoka kona ileile. Yakitofautiana, tundu jipya linachukua dakika tatu kwa drili. Nyumba nzima ni asubuhi moja. Waambie.

Utasema huwezi kusema mbele ya watu. Najua. Sote katika ukoo huu hatuwezi kusema mbele ya watu. Tunajua kubeba chai.

Nimeweka ndani ya kifurushi vibati vya mraba vya kukaa chini ya nati. Thelathini na sita. Ukivitupa mtoni, vitupe ukijua ni vya nini.

Adina


Blumenhof
Septemba 24, 2014

Kwako Shangazi Adina,

Kifurushi kilifika Jumatano kabla ya siku ya kunyanyua kuta. Sikukitupa. Sikukifungua pia.

Mama anakusalimu. Ameniambia niandike hivyo, na hajawahi kuniambia hivyo. Leanna hasemi nami. Mtama umekomaa na jana tulianza kuukata.

Asubuhi hii Baba alikaa mezani baada ya wengine kuondoka. Akasema, "Mwandikie Adina." Nikashtuka kwamba anajua. Nikangoja aseme niandike nini. Alizungusha kikombe, kisha akatoka kwenda kulisha ng'ombe. Kwa hiyo sijui alitaka niandike nini, naandika nilichoona.

Sikupima kama ulivyoniagiza. Nilikwenda na tepu Alhamisi, lakini Baba alikuwa pale na Galen, nikajifanya nimeleta chakula. Ijumaa niliwaza kumwambia Mama. Sikumwambia. Usiku niliwaza kwamba labda matundu yatakuwa sawa na sitalazimika kufanya lolote. Niliomba yawe sawa. Nakuandikia haya ili usije ukafikiri mimi ni jasiri.

Jumamosi walikuja wanaume arobaini na watatu. Ukuta wa kusini uliingia vizuri, na wa mashariki pia. Nikaanza kukuchukia kwa raha. Kisha wakanyanyua wa kaskazini, ndio mrefu kuliko yote, una bolti kumi na mbili. Walipouleta wima na kuushusha, haukushuka. Mtu alikuwa amepima kutoka kona nyingine. Kila tundu lilikuwa vidole vitatu kando ya bolti yake.

Wakasimama hivyo, ukuta mabegani, jasho likiwatiririka. Meza zilikuwa zimetandikwa chini ya miti, sahani zimefunikwa vitambaa kwa ajili ya nzi. Mama Nightengale akaita kwamba chakula kinapoa. Mtu akacheka akasema afadhali chakula kipoe kuliko Orlo apoe. Baba alikuwa amechuchumaa akitazama ule ubao, na uso wake ulikuwa haupo. Sijui nikuelezeje. Alikuwa kama mtu aliyeitwa jina lake kutoka chumba kingine.

Mzee Orlo ndiye aliyesema. Yeye yule wa kamba.

"Zilaze, Elden, tusonge mbele. Si tulifanya hivyohivyo kwa mama yako? Ikasimama miaka tisa."

Alisema kwa wema, Shangazi. Hilo ndilo linaloniuma. Alisema kama anayemsaidia Baba atoke kwenye aibu. Alikuwa hajaunganisha hata kidogo jambo alilolisema na jambo lililotokea. Na hakuna aliyegeuka kumtazama, kwa hiyo nadhani wengine nao walikuwa hawajaunganisha, au walikuwa wameunganisha siku nyingi.

Baba akainuka akaenda kuchukua nyundo kubwa.

Nilikuwa nimesimama karibu na birika la chai. Nilikuandikia kwamba sikumbuki. Nakumbuka. Nakumbuka mlio wake, chuma juu ya chuma, nane, na kwamba kila baada ya mlio nilimpa mtu kikombe. Nakumbuka Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti uwanjani, akapiga makofi alipousikia mlio wa nane, akidhani nyumba yake inakazwa.

Nilitaka kupaza sauti. Haikutoka. Nikaenda, nikapita chini ya mikono ya wanaume, nikakaa kwenye zege, chini kabisa, katikati ya bolti ya tatu na ya nne. Nikazishika, moja kila mkono. Ukuta ulikuwa juu ya kichwa changu.

"Verena," Baba akasema. "Ondoka hapo."

Sikuondoka.

"Binti, watu wamebeba ukuta. Ondoka."

Nyuma mtu akauliza huyu mtoto ana nini leo. Mwingine akasema jua limempata. Leanna alikuwa analia na kuniita kwa jina langu la utotoni, akinisihi nisimwaibishe. Mimi nilikuwa nikitazama viatu vya Baba. Nilisema nikivitazama hivyo viatu, na nadhani walionisikia ni wachache, lakini yeye alisikia.

"Za Bibi zilikuwa nane. Kila moja ililazwa upande wake."

Akauliza, polepole, nani ameniambia.

"Nilikuwepo. Nilibeba chai."

Ukuta ulianza kuyumba mabegani mwa watu, niliona vumbi likidondoka kutoka kwenye mbao. Baba aliiweka nyundo chini. Hakuitupa, aliilaza taratibu kama mtu anayelaza mtoto.

"Uteremsheni," akasema.

"Elden, jua hilo," Mzee Orlo akasema. "Kenchi je?"

"Uteremsheni ukuta, Orlo."

Wakauteremsha. Baba akaomba drili, akapima mwenyewe matundu yote kumi na mawili kutoka kona moja, akatoboa mwenyewe. Kisha akasema na ule wa kusini na wa mashariki zikaguliwe, na ule wa mashariki ukakutwa una bolti mbili ambazo mtu alikuwa amekwisha kuzilaza tangu asubuhi, hatukumwona. Wakakata ubao, wakaanza upya. Chakula kililiwa baridi na kwa zamu. Jua lilipozama tulikuwa na kuta tatu na kenchi zote bado ziko kwenye majani, zimefunikwa nailoni. Haijawahi kutokea Blumenhof. Hakuna aliyeimba wakati wa kuondoka. Mama Nightengale alirudi nyumbani na pai zake mbili bila kuzikata.

Jumapili mvua ilinyesha juu ya kenchi. Leanna anasema nimeiharibu siku yake na kwamba akifungua mlango wa nyumba ile atamwona dada yake amekaa chini kama kichaa. Mzee Orlo hajapita kwetu tena. Harusi bado ipo. Kati ya wenye zile nyumba kumi za Baba, wanne wamekuja mmoja mmoja, jioni, kofia mkononi, kumwomba akaangalie chini ya kuta zao. Anakwenda. Akirudi hasemi amekuta nini, ila Mama amehesabu siku mbili ambazo hakula.

Kuhusu nambari. Nilikuomba iwe nne, na ilikuwa uongo niliouomba. Nilitaka iwe kubwa kiasi kwamba hata kama ningepita kwa Bibi siku ile, badala ya kukimbilia handakini moja kwa moja, tusingeokoka. Sikuwahi kumwambia mtu hilo. Usinijibu juu yake.

Bado sikupendi, Shangazi. Ulijua tangu Mei, ukaandika mstari mmoja kwenye karatasi ya ofisi, ukatuacha tuulizwe na akina Nightengale. Ungeweza kugonga mlango. Najua tusingekukaribisha mezani, lakini ungegonga.

Vibati vyako tumevitumia. Vimetosha, vimebaki vitano. Kuta zote sasa zimesimama na nati zimekazwa, mimi nimekaza za kaskazini, mkono mpaka leo una malengelenge. Nilipofika ya mwisho, ile ya kona, Baba alikuwa nyuma yangu. Akasema, "Hiyo iache."

Nikamwambia nyingine zote zimekazwa na hii moja itakuwa haina maana.

"Iache hivyo hivyo," akasema. "Weka nati, usikaze. Adina ana spana yake."

Kisha akaenda kufungua mbao za ndani. Ukuta wa kaskazini utafunikwa Oktoba 9, Alhamisi, asubuhi. Baada ya hapo haitafikika.

Verena